Tegu wa nguruwe ubongoni: namna ya kuutambua ugonjwa, hatua kwa hatua

Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa akianguka ghafla na kukakamaa, naye anatoka Mbulu, Mbozi, Kongwa, Busia au kijiji chochote ambako nguruwe huachwa wakazurura kujitafutia chakula, mfikirie tegu wa ubongo mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya watu wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Wengi wao hawajawahi kupigwa picha ya kichwa hata mara moja. Wapo waliopelekwa kwa waganga, na wapo waliotengwa jikoni na sahani yao kwa kuogopwa kuambukiza.

Jina la kitaalamu ni nyurosistiserkosisi. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuuthibitisha au kuukanusha ugonjwa huu kwa kila mgonjwa. Unajumlisha maelezo, mwili, jicho, picha ya ubongo, damu na hali ya watu anaoishi nao. Na mpangilio huo una sababu: dawa ya kuua minyoo ikitangulia picha na uchunguzi wa jicho inaweza kumpofusha mgonjwa, au kumuua kwa uvimbe wa ubongo. Mwongozo huu umelenga matabibu na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ila ndugu wa mgonjwa naye atafaidika kujua kwa nini anaambiwa asubiri.

Kosa la kufuta kabla ya yote

Maneno "huyu hali kitimoto (nyama ya nguruwe), kwa hiyo si tegu" yamepoteza wagonjwa wengi. Tegu huyu, Taenia solium, ana njia mbili. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya lava, unapata tegu mtu mzima tumboni. Anaishi kwenye utumbo, anaachia pingili (vipande vya mwili wake) na mayai kwenye kinyesi, na kwa kawaida hasumbui sana. Ukimeza mayai yenyewe, kupitia mikono isiyonawiwa, mboga mbichi au maji machafu, viluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kutua kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni na ubongoni. Huko hugeuka vifuko. Kwa hiyo ugonjwa wa ubongo hautokani na nyama. Unatokana na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na mara nyingi binadamu huyo anaishi nyumba moja na mgonjwa au ndiye anayempikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa huu ulikutwa New York katika familia za Kiyahudi zisizogusa nguruwe kabisa. Mayai yalitoka kwa wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu.

Hatua ya 1: Mgonjwa akifika bado anakakamaa

Tuliza kwanza, utambuzi utafuata. Mlaze ubavu, safisha njia ya hewa, mpe oksijeni ikiwepo, pima sukari na malaria papo hapo. Kwa mtu mzima, diazepamu miligramu 10 kwa mshipa, polepole. Mama mjamzito mwenye presha ya juu ni kifafa cha mimba hadi ithibitike vinginevyo. Yeye anahitaji magnesiamu, si foleni ya CT (picha ya kichwa ya eksirei ya kompyuta). Mwenye homa na shingo ngumu mtafutie homa ya uti wa mgongo mara moja. Na mgonjwa anayeanguka mara kwa mara aanzishiwe dawa za kifafa siku hiyo hiyo: dawa hizo hazifichi chochote kwenye picha, na kumwacha bila dawa kwa wiki tatu eti anasubiri CT ni kumweka karibu na moto wa jikoni na kisima kilicho wazi.

Hatua ya 2: Maelezo

Aliyeanguka hakumbuki, kwa hiyo muulize aliyeshuhudia. Usiulize "alipata kifafa?" Uliza hivi: "Mama, alipoanza, ni mkono upi uliotangulia kurukaruka? Macho yalielekea upande gani? Alikuwa anakusikia? Baada ya hapo mkono huo ulilegea kwa muda gani?" Kuanzia upande mmoja maana yake kuna kitu mahali fulani ubongoni, na hapo CT inapata uzito. Siku hizi ndugu wengi hurekodi kwa simu. Omba video, dakika moja ya video ina thamani kuliko kurasa mbili za maelezo.

Halafu uliza kuhusu kichwa. Maumivu yanayozidi alfajiri, kutapika na kuona ukungu ni dalili za shinikizo kupanda ndani ya fuvu. Zingatia sana mgonjwa anayesema kichwa humpasuka na kizunguzungu humwangusha akigeuza shingo ghafla, kisha hali inatulia akikaa vizuri. Huenda ana kifuko kinachoelea katika ventrikali ya nne (mojawapo ya vyumba vya maji ndani ya ubongo) na kuziba njia ya maji kama kizibo. Mtu huyo anaweza kufa ghafla. Mpe rufaa leo, si kliniki ijayo.

Maelezo ya mazingira yachukue miaka mingi nyuma. Dalili huweza kuchelewa miaka kadhaa baada ya kumeza mayai, hata zaidi ya kumi, hivyo "anaishi wapi sasa" hakutoshi. Uliza alikulia wapi, alisoma bweni wapi, nguruwe wa jirani walifungwa au walizurura, choo kilikuwepo. Uliza kama yeye au mtu wa nyumbani aliwahi kuona vipande vyeupe bapa, kama tambi pana, kwenye kinyesi au nguo ya ndani. Watu huona aibu kulisema hili mbele ya wengine, kwa hiyo liulize mkiwa wawili.

Swali moja husahaulika: "Uliwahi kunywa dawa za kichocho au za minyoo shuleni au kijijini, ukaumwa kichwa sana au ukaanguka siku chache baadaye?" Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huingia ubongoni. Ikivishtua vifuko vilivyokuwa vimelala kimya, uvimbe unaofuata huleta kichwa kikali au degedege. Tukio la namna hiyo ni kidokezo kizito.

Hatua ya 3: Mwili na macho

Vua shati lake, mpapase kwa viganja: mikono, mgongo, kifua, mapaja, shingo. Unatafuta vinundu vigumu kiasi, ukubwa wa punje ya njegere, visivyouma, vinavyoteleza chini ya kidole. Kimoja kikipatikana kitolewe kwa upasuaji mdogo wa ganzi na kipelekwe patholojia kwenye fomalini ya asilimia 10. Kuthibitisha tegu nje ya ubongo ni mojawapo ya vigezo vikubwa vya utambuzi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na MRI (picha ya ubongo kwa sumaku). Eksirei ya mapaja nayo inaweza kuonyesha vidoa vya chokaa vyenye umbo la punje ya mchele, vimejipanga kufuata nyuzi za misuli.

Pima nguvu za viungo, mwendo na akili. Udhaifu wa miguu yote miwili pamoja na shida ya mkojo huashiria uti wa mgongo. Vifuko huko ni nadra, ila vipo.

Jicho lina kazi mbili. Kwanza, angalia kama kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho kimevimba, maana huo ni ushahidi wa shinikizo. Pili, tafuta kifuko chenyewe nyuma ya retina au ndani ya maji ya jicho: kiputo cheupe chenye kung'aa, mara nyingine kinaonekana kikicheza taratibu. Panua mboni kwa matone, isipokuwa kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, kwani utazihitaji mboni zake kufuatilia hali ya ubongo. Kifuko kikiwa chini ya retina, utambuzi umekamilika hapo hapo, na dawa ya minyoo haitolewi kabla mtaalamu wa macho hajakishughulikia. Kikifia ndani ya jicho, uvimbe wake huharibu uoni.

Hatua ya 4: Picha ya ubongo

Hapa ndipo penye uzito. Omba CT bila kontrasti (dawa ya mshipani inayong'arisha picha), kisha na kontrasti, vipande vya milimita 5 au vyembamba zaidi. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kabla. Fomu ya maombi isiishie kwenye neno "kifafa". Mwandikie mtaalamu wa mionzi anachotakiwa kutafuta: kifafa kilichoanza ukubwani, kinaanzia mkono wa kulia, mgonjwa amekulia eneo la nguruwe wanaozurura, hali ya VVU ni hii, tafadhali tazama vifuko, vichwa vya tegu, madoa ya chokaa, ventrikali na nafasi za maji chini ya ubongo.

Kifuko hupita hatua nne, na kila moja ina sura yake. Kilicho hai ni duara safi, mara nyingi lenye upana wa milimita 5 hadi 20, jeusi kama maji ya ubongo yenyewe, ukuta mwembamba, bila uvimbe pembeni. Ndani yake, ukibahatika, utaona nukta nyeupe ya milimita moja au mbili imeegemea ukutani. Nukta hiyo ni kichwa cha tegu. Shimo lenye nukta likionekana wazi, ugonjwa umethibitika hata kama vipimo vya damu vyote ni hasi. Pitia filamu kipande kwa kipande, maana nukta hukaa kwenye kipande kimoja tu na jicho lenye haraka huiruka.

Kinga ya mwili ikikigundua, kifuko huanza kufa: maji yake huwa mazito, ukuta hunenepa na kunywa kontrasti kama pete, na ubongo wa pembeni huvimba. Huu ndio wakati ambao wengi huanguka kwa mara ya kwanza. Baadaye pete husinyaa kuwa kinundu kidogo. Mwisho hubaki doa la chokaa, duara gumu jeupe la milimita 2 hadi 10. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na hatua zote nne kwa wakati mmoja, na mchanganyiko huo wenyewe unaunga mkono utambuzi.

Katika kusoma CT, makosa mawili hurudiwa mno. La kwanza ni kuita tegu chokaa ya kawaida ya tezi ya painea na ya mishipa iliyomo kwenye ventrikali, ambayo watu wazima wengi wanayo bila ugonjwa wowote. Ya tegu hukaa zaidi kwenye nyama ya ubongo, hasa pale tabaka la kijivu linapokutana na jeupe. La pili ni kuandika "CT ni safi" na kufunga jalada wakati ventrikali zimetanuka. Kifuko kilicho ndani ya ventrikali kina wiani sawa na maji yanayokizunguka, hivyo CT hukipita kana kwamba hakipo. Maji yakijaa bila sababu inayoonekana, tafuta MRI.

MRI huona vichwa vya tegu na vifuko vya ventrikali na vya chini ya ubongo vizuri zaidi. CT huona chokaa vizuri zaidi. Kwa hiyo moja haifuti nyingine. Pesa zikitosha kwa kimoja tu, kwa mgonjwa wa kifafa peke yake anza na CT. Kwa mwenye dalili za shinikizo au ventrikali zilizotanuka, MRI ndiyo ya kuhangaikia. Waombe wataalamu wa MRI wapige aina hizi za picha: FLAIR, T1 kabla na baada ya kontrasti, T2, na mfuatano wa vipande vyembamba sana unaotofautisha ukuta wa kifuko na maji. Vifuko vikionekana kwenye nafasi za maji chini ya ubongo, mara nyingi vikiwa vikubwa, vimeshikana kama kichala cha zabibu na havina kichwa, piga pia MRI ya uti wa mgongo mzima.

Magonjwa yanayofanana

Kila pete inayonywa kontrasti ina washindani. Uvimbe wa TB mara nyingi huzidi milimita 20, kingo zake hazijanyooka, husukuma ubongo kando ya mstari wa kati, na mgonjwa hudhoofika wiki hadi wiki; piga eksirei ya kifua na upime makohozi. Kimelea cha toksoplasma humpata zaidi mwenye VVU ambaye CD4 (chembe za kinga) iko chini ya 100, na hupenda viini vya ndani kabisa vya ubongo. Ndiyo maana kipimo cha VVU si cha hiari ya tabibu hapa: kinabadilisha orodha yote. Jipu la usaha huja na homa, na kwenye MRI ya mtawanyiko (inayopima mwendo wa maji) kiini chake hung'aa chote. Saratani iliyosambaa ifikirie kwa mwenye umri mkubwa anayekonda. Kifuko kimoja kikubwa kama chungwa, bila uvimbe pembeni, kwa mfugaji anayeishi na mbwa, kinaelekeza kwenye tegu wa mbwa badala ya wa nguruwe. Turkana ni eneo linalojulikana kwa huyo.

Hatua ya 5: Damu

Chukua mililita 5 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache igande kwa nusu saa, izungushe kwenye sentrifuji kwa dakika 10, gawa maji ya juu kwenye vichupa viwili na uvigandishe nyuzi 20 chini ya sifuri. Kimoja kinasafirishwa, kingine ni akiba ya siku barafu itakapoyeyuka njiani.

Kipimo bora cha kingamwili ni kile cha ukanda, EITB. Kwa mwenye vifuko hai viwili au zaidi hukamata karibu wagonjwa wote. Kwa mwenye kifuko kimoja tu, au chokaa peke yake, huwakosa wengi, pengine nusu yao. Hivyo jibu hasi halifuti kile picha ilichoonyesha. ELISA, vipimo vingine vya maabara vya kingamwili, zinazotumia antijeni ghafi (protini za mdudu zisizosafishwa) huchanganya tegu wengine, wakiwemo wa mbwa na yule mdogo wa watoto, kwa hiyo usizitegemee. Kipimo cha antijeni ni kitu tofauti: kinatafuta vitu vinavyotolewa na mdudu aliye hai. Kikiwa chanya kwa nguvu, tarajia vifuko vingi au vya chini ya ubongo, na baadaye kitakusaidia kuona kama tiba inafanya kazi.

Damu chanya bila picha haitoshi. Katika vijiji vyenye tegu, watu wengi wenye afya njema kabisa wana kingamwili kwa sababu tu waliwahi kumeza mayai.

Hatua ya 6: Maji ya mgongo na kinyesi

Sindano ya mgongo si lazima kwa kila mgonjwa. Shinikizo likiwa juu au picha ikionyesha uvimbe mkubwa ni hatari, ubongo unaweza kushuka na kubana shina lake. Inapofanyika, kwa kawaida ili kutenganisha na TB au fangasi wa kriptokoka, unaweza kukuta protini na chembe nyeupe aina ya limfositi vimepanda, mara nyingine na chembe za eosinofili. Sukari inaweza kushuka pia, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawa huandikiwa dawa za TB.

Kinyesi kikusanywe siku tatu tofauti, maana mayai hayatoki kila siku. Kwenye hadubini yai la tegu ni duara lenye ganda nene la mistari kama miali, na ndani yake ndoano sita. Yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe havitofautiki kwa macho. Pingili ndiyo inayosema: ibane kati ya slaidi mbili, hesabu matawi makuu ya mji wa mimba upande mmoja. Yakiwa 7 hadi 13 ni wa nguruwe, yakizidi 15 ni wa ng'ombe. Vaa glovu na safisha meza kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mayai hayo ndiyo yanayoleta ugonjwa wa ubongo. Kinyesi kisafi hakikanushi chochote, kwani wagonjwa wengi wa ubongo hawana tegu tumboni siku wanapogunduliwa.

Hatua ya 7: Kujumlisha

Tumia vigezo vya utambuzi vya daktari wa neva Del Brutto na wenzake, vilivyotoka 1996, vikarekebishwa 2001 na tena 2017. Kimoja kati ya vitatu hivi kinatosha peke yake: mdudu kuonekana kwenye kipande cha nyama ya ubongo au uti wa mgongo, kifuko chini ya retina, au kichwa cha tegu kilicho dhahiri ndani ya kifuko kwenye picha.

Bila hivyo, unahitaji picha ya kawaida ya ugonjwa huu, yaani vifuko visivyo na kichwa, pete zinazonywa kontrasti, kichala chini ya ubongo au chokaa ya aina yake, pamoja na ushahidi wa nje ya picha. Ushahidi mzito ni damu chanya kwa kipimo kinachoaminika, tegu nje ya ubongo, au mtu wa nyumbani mwenye tegu. Mwepesi ni dalili zenyewe na kutoka eneo lenye ugonjwa. Picha ya aina moja na ushahidi wa nje wa aina mbili, mmoja ukiwa mzito, na magonjwa mengine yameondolewa: umethibitisha. Picha hiyo hiyo na ushahidi mwepesi tu, kama ilivyo kwa kijana wa Mbozi mwenye kifafa na pete moja, ni "huenda". Andika "huenda" kwenye faili bila kusita, na ueleze ni nini kinachokosekana.

Kabla ya kidonge cha kwanza cha albendazoli, dawa ya minyoo

Hesabu vifuko hai na uandike vilipo. Hakikisha jicho limetazamwa. Chunguza TB na mpe ivermektini mwenye hatari ya strongiloidi (mnyoo mwingine wa utumbo), kwa sababu steroidi, dawa za kupunguza uvimbe zinazotangulia dawa ya minyoo, huweza kuyaamsha yote mawili. Mwenye chokaa peke yake hahitaji dawa ya minyoo. Anahitaji dawa ya kifafa. Mwenye ubongo uliovimba kwa vifuko vingi, hali inayowapata zaidi watoto na wanawake vijana, au mwenye maji yaliyojaa, asipewe kabisa kabla shinikizo halijashughulikiwa.

Waite watu wa nyumbani wote wapimwe kinyesi, pamoja na anayepika. Rudia picha baada ya miezi sita. Pete iliyopotea yenyewe au vifuko vilivyosinyaa baada ya tiba hugeuza "huenda" kuwa uhakika. Pete iliyokua, kwa mgonjwa aliyezidi kukonda, irudishe kwenye meza ya TB na saratani, na uanze upya kutoka hatua ya 2.